Mgonjwa wa saratani ya umio hamezi kitu kigumu: nimpe maziwa gani, kiasi gani?

Kisima_cha_Chamwino
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tunamuuguza mama mkubwa hapa Dodoma mjini, ana saratani ya umio. Vimiminika vinapita, ugali hata uliolainishwa haupiti. Uzito kilo 45. Hana kisukari, na figo zilipimwa zikaonekana nzima. Wiki zilizopita alikuwa akiishi kwa uji mwembamba na chai. Nyumbani kila mtu ana lake: mmoja anasema maziwa ya mbuzi tena yakiwa mabichi, mwingine maziwa ya kopo ya watoto wachanga, mwingine soya. Hospitali walisema "mpeni maziwa kwa wingi" bila vipimo. Naomba mwenye ujuzi aniambie kiasi na namna ya kuandaa.

Zizi_Mpwapwa
Mbuzi, mkuu. Yakamuliwe asubuhi, ayanywe na povu lake. Ukichemsha unaua nguvu.

Mlishe_Dom
Hapana, Zizi_Mpwapwa, hilo la mabichi tulikatae hapa hapa. Maziwa mabichi yanabeba bruselosi, huu ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, na vimelea vinavyotoka kwa mbuzi ndivyo vikali zaidi kwa binadamu. Ya ng'ombe yanaweza kubeba pia TB. Mgonjwa wa saratani, hasa akiwa kwenye tiba ya mionzi au kemo (dawa kali za saratani), hana kinga ya kupambana na hayo. Kuchemsha kunapunguza vitamini chache tu; protini, mafuta na chokaa (kalsiamu) vinabaki. Yachemshe mpaka yaumuke, punguza moto, endelea kukoroga dakika mbili tatu, ndipo uipue.

Kuhusu mnyama: tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa mtaani. Ya ng'ombe yana kama kalori 65 na protini gramu 3.3 kwa mililita 100. Ya mbuzi yamezidi kidogo kwa mafuta lakini ni haba sana kwa foleti (vitamini ya kujenga damu). Sukari ya maziwa iko karibu sawa, kwa hiyo anayeharisha ya ng'ombe ataharisha na ya mbuzi. Chukueni yale mnayoyapata freshi na ya uhakika kila siku.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yaacheni. Yametengenezwa kwa figo za mtoto, protini yake ni kama gramu 14 tu kwa lita nzima, wakati lita ya ng'ombe ina 33. Mnalipa hela nyingi kumpa mtu mzima chini ya nusu ya protini.

Sasa hesabu. Mtu mzima mgonjwa anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, na protini gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa kilo 45 ni kalori 1,125 hadi 1,350 na protini gramu 54 hadi 68. Lita moja ya maziwa matupu inatoa kalori 650, yaani nusu. Akinywa lita mbili tumbo litajaa maji. Kwa hiyo tunayakoleza: kwa kila nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa, vijiko vinne vya chakula vya kujaa (kama gramu 60) vya maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta. Lita moja iliyokolezwa hivyo ina kama kalori 1,250 na protini gramu 64. Hiyo ndiyo siku nzima ya mama mkubwa.

LAKINI msianze na hiyo leo.

Wodi_Namba_Nne
Naongezea alipoishia Mlishe, maana hapa ndipo watu wanapowapoteza wagonjwa wakidhani wanawasaidia. Mtu aliyekaa muda mrefu karibu bila chakula, ukimshindilia ghafla, mwili unavuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa kasi. Moyo na misuli ya kupumua vinakosa nguvu. Dalili huja siku chache za mwanzo: miguu kuvimba, kuhema, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, kulegea kuliko mwanzo. Mkiona hayo ni hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kabla ya kuanza, mrudisheni akapimwe damu (fosfeti, potasiamu, magnesiamu) na mwulizeni daktari kuhusu vitamini B1, ambayo hutolewa kabla ya kuanza kulisha. Akiruhusu mmlishe nyumbani, mwendo uwe hivi, mradi daktari asibadilishe:

Siku mbili za kwanza, mililita 700 za maziwa matupu kwa siku nzima. Hiyo ni kalori 10 kwa kilo. Siku ya tatu na ya nne, lita moja yenye vijiko vinne vya maziwa ya unga, sio vinane. Akivumilia, siku ya tano mnaanza kupanda hadi kipimo kamili. Uzuri wa maziwa ni kwamba yana fosfeti ndani yake. Uji mwembamba wa sukari una kidogo sana, ndiyo maana ni mbaya zaidi kwa mtu wa namna hii.

Gawanya mara nane: saa 12 asubuhi, kisha kila baada ya saa mbili hadi saa 2 usiku, kama mililita 90 kila mara siku mbili za kwanza, kisha kama 125 ikishafika lita moja. Akae wima, na abaki wima nusu saa baada ya kunywa. Akikohoa anapomeza, au sauti ikawa ya majimaji, simamisheni: maziwa yanaingia kwenye njia ya hewa.

Kisima_cha_Chamwino
Mungu awabariki wote. Maswali mawili: unga ukiuweka kwenye maziwa ya moto unafanya madonge, na ya juu yanaweka utando, anasema unamkwama. Je, kuna cha kuongeza zaidi ya unga?

Jiko_la_Makole
Dada, unga hauwekwi kwenye maziwa ya moto. Chota maziwa ya uvuguvugu robo kikombe, tia unga, sugua kwa kijiko mpaka uwe uji mzito usio na chembe, ndipo umimine yaliyobaki kidogo kidogo huku ukipekecha kwa upekecho, ule ule wa mlenda lakini uoshwe vizuri na kumwagiwa maji ya moto. Utando usiutupe, una mafuta na protini. Uvuruge na upekecho ukatike, kisha chuja yote kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Kwa umio uliobana, kijipande cha utando kinatosha kuziba.

Cha kuongeza kipo hapa hapa kwetu: mafuta ya alizeti. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Anza na kijiko cha chai kwa kila kikombe, pekecha maziwa yakiwa vuguvugu na unga ukiwa umeshaingia, mafuta hayaelei sana. Ukizidisha haraka ataharisha. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yasiwe tegemeo, zaidi ya nusu yake ni sukari.

Soya si mbaya, ila iiveni. Loweka usiku kucha, menya, saga, chuja, halafu chemsha dakika 20 tangu ianze kuchemka. Soya mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Karanga nazo ni nzuri ikiwa ni safi. Zilizonyauka au zenye ukungu tupa kabisa, sumukuvu haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa mkoani kwetu na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo.

Mlishe_Dom
Mkiona tumbo linajaa gesi na kuharisha, badilisheni nusu ya maziwa iwe mtindi. Wadudu wa mtindi wameshakula sehemu ya sukari inayosumbua. Ila uwe wa pakiti iliyofungwa, uliotokana na maziwa yaliyochemshwa kiwandani, sio wa kibuyu. Ukimchoma kooni kwa uchachu, uacheni. Na ubuyu tunaoutegemea kwa vitamini C, kwa umio wenye kidonda unaweza kuwasha vivyo hivyo, mwonjesheni kidogo kwanza.

Asisahau maji: maziwa lita moja pamoja na maji kama nusu lita. Bila hayo atafunga choo.

Zizi_Mpwapwa
Nimeelewa, na la mabichi nalifuta. Swali langu: yakishakolezwa yanakaa muda gani? Watu wengi wanaweka kwenye chupa ya chai yabaki vuguvugu siku nzima.

Wodi_Namba_Nne
Hapo ndipo yanapoharibikia. Uvuguvugu wa chupa ya chai ndio joto ambalo bakteria wanalipenda, na maziwa ya unga hayajauliwa vijidudu vyote. Kama kuna friji, tengeneza ya siku moja, yapoze haraka kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji baridi, weka friji, toa kipimo kimoja kimoja. Hakuna friji: chemsha maziwa matupu asubuhi na jioni, yachemshe tena kila unapompa, na unga uchanganye wakati huo huo tu. Kilichochanganywa kikikaa mezani zaidi ya saa mbili kwa joto hili la Dodoma, mwaga. Alichobakiza kwenye kikombe kisirudi kwenye sufuria.

Siku ikifika hata maziwa hayapiti, msisubiri. Mrija wa kulishia ni uamuzi wa daktari na huwekwa hospitali. Mkishaupata, mtindi na uji usipite humo, unaziba. Na kila baada ya kulisha sukuma mililita 30 za maji safi.

Kisima_cha_Chamwino
Anatumia pia vidonge vya kuongeza damu na siprofloksasini (antibiotiki). Anaweza kuvimeza kwa maziwa hayo hayo?

Wodi_Namba_Nne
Hapana. Chokaa ya maziwa inaishika siprofloksasini isiingie mwilini, na vidonge vya madini chuma vivyo hivyo. Ameze kwa maji. Siprofloksasini iwe saa mbili kabla ya maziwa au saa sita baada yake. Ratiba ya maziwa ya kila saa mbili haiachi nafasi hiyo mchana, kwa hiyo kesho mnapokwenda kupima damu mwulizeni daktari kama kuna dawa nyingine badala yake. Vidonge vya chuma visimezwe pamoja na siprofloksasini. Kama vidonge vinakwama, ombeni ya maji, msivisage wenyewe bila kuuliza.