Naomba ushauri: dawa ya kusafishia mashine ya kukaangia kahawa

Salaam wenzangu. Nakaanga kahawa hapa Majengo, mashine ya kilo 5. Sinia la kupozea na bomba la moshi vimeganda mafuta meusi, yananata kama lami, na wiki jana makapi yalishika moto humo bombani. Fundi kanambia nitie kostiki soda. Naiogopa: feni yangu ni ya alumini, na kostiki huila alumini. Jiki nayo hutoboa hata chuma cha pua, halafu nani atakunywa kahawa tungu inayonuka choo? Magadi kwa maji moto yamelainisha sinia kidogo tu. Nyinyi mwatumia nini kisichoacha sumu wala harufu? Na pipa lenyewe la kukaangia, mwaliosha au mwalikwangua kavu?