Tetea ana ngozi ya kijani chini ya bawa: nimchinje?

Mama wa Uyole (Alhamisi)
Ndugu wafugaji, salaam. Ninafuga kuku wa kienyeji 23 nyuma ya nyumba, hapa Uyole, Mbeya. Juzi Jumanne jioni mwewe alimkwapua tetea wangu mwekundu, akamwachia baada ya mbwa kumfukuza, na kwa kuwa sikuona damu nilidhani yamekwisha. Leo nilipomkamata nimpe dawa ya minyoo, nimeinua bawa la kushoto nikakuta ngozi imegeuka kijani kabisa, eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Anakula vizuri, ila usiku hapandi kwenye fito za kulalia. Jirani ananihimiza nimchinje na kumtupa, kwani anasema nyama ya kijani imeshaoza. Halafu miguu yake, iliyokuwa ya njano, imepauka tangu aanze kutaga. Je, mambo haya yanahusiana?

Mfugaji wa Mafinga
Pole sana, mama, na kisu kirudishe jikoni kwanza. Hiyo ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Sisi binadamu tukiumia, damu iliyovilia hupita kwenye ukijani kidogo kisha ikawa manjano. Kuku hana kimeng'enya cha kuigeuza ile rangi ya kijani, iitwayo biliverdini, kuwa ya manjano, na ndiyo maana kwake kijani hukolea kiasi cha kumtisha asiyewahi kukiona. Jeraha huanza na wekundu, baada ya nusu siku huwa la zambarau, kijani huanza kuonekana siku ya pili, na kufikia siku ya tano hivi huwa limefifia. Ukihesabu kuanzia Jumanne, tetea wako yuko pale anapotakiwa kuwa.

Ngozi inayooza haifanani na hiyo. Huwa na majimaji na harufu mbaya, hugeuka nyeusi, na ukiibonyeza husikika kitu kama mfuko wa nailoni unaofinywa, kwa sababu kuna hewa ndani. Kuku mwenyewe husinyaa na anaweza kufa ndani ya siku moja. Ukikuta hayo, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Vinginevyo, tenganisha manyoya utafute matundu ya kucha, maana mwewe huacha matundu madogo yasiyotoa damu nje, uyasafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha umtenge asidonolewe na wenzake wala kutuliwa na nzi. Usimpake GV, ile dawa ya vidonda ya zambarau. Ukishapaka zambarau juu ya kijani, kesho utasoma rangi gani?

Tetea Kumi
Miguu ni habari nyingine, tena njema. Ile njano inatoka kwenye chakula, na kuku akitaga huenda kwenye kiini cha yai. Hupauka kwanza sehemu ya haja, miguu ikawa ya mwisho, kisha hurudi akipumzika kutaga. Sisi tunaolisha mahindi meupe tuongeze mchicha au majani mengine mabichi, la sivyo hata viini vitapauka.

Baridi ya Njombe
Naongeza jambo moja, kwa kuwa liliwahi kunigharimu. Rangi ya kuogopwa zaidi ni ya upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Juni moja upanga wa jogoo wangu ulianza kuwa wa zambarau, nami nikasingizia baridi, kwa sababu huku kwetu barafu ya alfajiri huweza kweli kuunguza ncha zake. Siku mbili baadaye kinyesi kikawa cha kijani, shingo zikaanza kupinda, na ndani ya juma moja nikafukia kuku wanane. Ilikuwa kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Tangu hapo ninawadondoshea chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, wakiwa wazima. Upanga mweupe nao usiupuuze: chungulia utitiri kwenye nyufa za banda usiku, na uangalie kama kinyesi kina damu.

Mama wa Uyole (Jumapili)
Ahsanteni. Nilimmulika kwa tochi ya simu nikakuta matundu mawili karibu na kwapa, makavu, yasiyo na harufu, na upanga wake ni mwekundu. Dawa ya minyoo nimeiahirisha mpaka apate nguvu. Leo kijani kimebaki kama utepe mwembamba uliofifia, na asubuhi ametaga. Yai nilimpelekea jirani; amelikataa.