Vituo vya tuisheni Delhi wanatukaririsha namba za ibara, wanaita hiyo ndiyo Katiba ya India, na ada hawarudishi!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie. Utawahusu wachache, ila najua humu kuna vijana wa Tanga, Dar, Mombasa na Kampala ambao familia zao zimerudi Gujarat au zinafikiria kurudi, na wameanza kuulizia mtihani wa utumishi wa umma wa India. Wausome kabla hawajatoa hata rupia moja.

Najua mtauliza mtu aliyezaliwa Tanga anafanyaje mtihani huo. Kanuni za UPSC, yaani tume ya ajira ya serikali kuu ya India, zinasema kazi za utawala na za polisi, IAS na IPS, ni za raia peke yao. Kwa baadhi ya kazi nyingine zipo nafasi kwa mtu mwenye asili ya India aliyehama kutoka Kenya, Uganda, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na nchi nyingine zilizotajwa kwa majina, mradi amekuja kukaa moja kwa moja na serikali impe cheti cha ustahiki. Mimi nimepitia hapo.

Sasa malalamiko yenyewe.

Nimelipa zaidi ya rupia laki moja kwa kozi ya Katiba na Utawala kwenye kituo kimoja pale Old Rajinder Nagar, Delhi. Kituo sikitaji. Ukumbi umejaa hadi mlangoni, wa nyuma wanamwona mwalimu kwenye televisheni za ukutani. Mwalimu anashika maiki: "Dharura ya taifa?" Ukumbi mzima: "352!" "Utawala wa Rais jimboni?" "356!" "Dharura ya fedha?" "360!" Kipindi kizima ndiyo hivyo. Kesho yake mnarudia.

Siku moja dada mmoja kutoka Bihar, tulikuwa tunakaa benchi moja, akanyosha mkono. Akauliza: kwa nini marekebisho ya 44 ya mwaka 1978 yaliondoa maneno "machafuko ya ndani" kwenye ibara ya 352 na kuweka "uasi wa silaha"? Jibu alilopewa: "Hilo halitoki kwenye mtihani. Andika."

Halitoki! Wakuu, hilo ndilo somo lenyewe. Juni 1975 serikali ya Indira Gandhi ilitangaza dharura kwa sababu hiyohiyo ya machafuko ya ndani. Wapinzani wakawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa. Kesi ya waliozuiliwa ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1976, majaji wanne kati ya watano walisema dharura ikishatangazwa hivyo, aliyezuiliwa hana mlango wa mahakama wa kugonga, hata kama kilichoguswa ni ibara ya 21, haki ya kuishi na kuwa huru. Aliyekataa alikuwa Jaji H. R. Khanna peke yake. Mwezi Januari 1977 ukuu wa mahakama ulipofika zamu yake, akarukwa, akapewa aliye chini yake. Akajiuzulu.

Bunge lililokuja baadaye ndilo lililobadilisha maneno yale, ili dharura isije ikatangazwa kwa sababu ya maandamano au kelele za mitaani. Likaongeza kwamba ibara za 20 na 21 hazisimamishwi hata wakati wa dharura. Watu walikaa gerezani ndipo maneno mawili yakabadilishwa. Halafu mtu aliyepokea pesa yangu ananiambia halitoki.

Na linatoka! Kwenye mtihani mkuu kuna karatasi ya pili ya maarifa ya jumla, alama 250, na humo ndimo zilimo Katiba, utawala, haki ya jamii na uhusiano wa kimataifa. Pale hakuna anayekuuliza namba. Wanakutaka ueleze, ujenge hoja, useme kifungu kinafanyaje kazi. Gavana akikalia muswada uliopitishwa na bunge la jimbo, Katiba inasemaje? Hilo limefika Mahakama ya Juu kutoka Punjab, Kerala na Tamil Nadu miaka hii hii. Mwenye kujua kwamba ni ibara ya 200 basi, akishaandika hivyo mstari wa kwanza, wa pili ataandika nini?

Kesi ya Kesavananda Bharati nayo niliisubiri kwa hamu. Mkuu wa nyumba ya kidini ya Kihindu huko Kerala anaishitaki serikali kwa ajili ya ardhi, majaji 13 wanakaa pamoja, na tarehe 24 Aprili 1973 wanagawanyika 7 kwa 6: Bunge linaweza kurekebisha Katiba, ila haliwezi kuvunja muundo wake wa msingi. Kura moja tu ndiyo iliyoamua. Kwenye daftari la kituo imepewa mstari mmoja: jina, mwaka, idadi ya majaji.

Nikasimama nikasema hoja hiyo imevuka bahari. Kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba kule Kenya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani mwaka 2021 ziliikubali, halafu Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2022 ikaikataa. Nikataja pia Katiba ya Tanzania ya 1977, kwamba ina malengo na misingi ya kuongoza serikali ambayo ibara ya 7 inasema mahakama haiwezi kuitekeleza, sawasawa na misingi elekezi iliyo sehemu ya nne ya Katiba ya India. Mwalimu akasema mambo ya nchi nyingine si silabasi.

Silabasi ya karatasi ya pili inataja waziwazi kulinganisha mfumo wa Katiba ya India na wa nchi nyingine. Iko kwenye tangazo la mtihani, kila mtu anaisoma bure. Mwalimu wa Katiba hajaisoma.

Haya, hata hizo namba wanazozitukuza zina makosa. Daftari nililouziwa kama "toleo jipya" linasema India ina majimbo 29 na maeneo 7 ya serikali kuu. Yako majimbo 28 na maeneo 8 tangu Januari 2020, baada ya Jammu na Kashmir kugawanywa mwaka 2019 na maeneo mawili ya pwani ya magharibi kuunganishwa. Linasema Rais anaweza kuteua wabunge wawili Waanglo-India, yaani wenye asili ya Kizungu na Kihindi, kwenye Lok Sabha, baraza la chini la Bunge. Nafasi hizo zilifutwa na marekebisho ya 104. Marekebisho ya 106 ya mwaka 2023, yanayowatengea wanawake theluthi moja ya viti vya Lok Sabha na mabunge ya majimbo, hayamo kabisa. Kwenye mchujo, hatua ya kwanza kabla ya mtihani mkuu, ukijibu vibaya wanakata theluthi ya alama za swali. Kwa hiyo daftari lao linakuchomoa alama ambazo ungebaki nazo kama ungeacha swali wazi! Waombaji kwa mwaka wanafika milioni moja, nafasi ni kama elfu moja hivi. Alama moja inamrudisha mtu nyumbani mwaka mzima, na wengi wa hawa wazazi wao wameuza shamba au wamekopa.

Picha za washindi zilizojaa ukutani pale mlangoni msizishangae. Mamlaka ya kulinda watumiaji ya India imeshavipiga faini vituo kadhaa baada ya kugundua kwamba wengi wa washindi waliotangazwa walihudhuria mazoezi ya usaili tu, tena mara nyingi ya bure. Katiba hawakusomea pale.

Nimeomba kuondoka na kurudishiwa ada ya miezi iliyobaki. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa Januari 2024 unasema mwanafunzi akiondoka katikati ya kozi arudishiwe kwa hesabu ya muda uliobaki, ndani ya siku 10. Karani wa mapokezi akageuza stakabadhi, akanionyesha maandishi madogo nyuma: ada hairudishwi. Nikamwonyesha mwongozo kwenye simu. Akaniambia huo ni wa watoto wa shule. Si kweli, nimeusoma wote.

Na huu ni mtaa uleule ambako Julai 2024 wanafunzi watatu walikufa maji kwenye maktaba iliyokuwa chini ya ardhi, mvua ilipojaa. Watu walilia, wakaandamana, vyumba vingi vya chini vikapigwa lakiri. Ungetegemea wenye vituo wamejifunza kumheshimu mwanafunzi.

Kinachonikera kuliko pesa ni kwamba baadhi ya hawa wanaopiga kelele "356!" kweli watashinda. Watapelekwa wilayani wakiwa vijana bado, na mkuu wa wilaya India ana mamlaka ya kuzuia watu kukusanyika kwa amri tu. Zamani ilikuwa kifungu cha 144 cha sheria ya mwenendo wa jinai, tangu Julai 2024 ni kifungu cha 163 cha sheria mpya. Mwaka 2020, kwenye kesi ya Anuradha Bhasin, Mahakama ya Juu ilisema amri ya namna hiyo lazima itangazwe hadharani, iwe na sababu, isizidi hatari iliyopo, na isitumike kuwanyamazisha watu wenye maoni halali. Kijana aliyefundishwa kwamba "kwa nini" halitoki, atasaini amri hiyo asubuhi na kwenda kunywa chai. Wanakijiji ndio watakaolala ndani.

Nimeshapiga 1915, namba ya malalamiko ya watumiaji, na nimepewa namba ya kumbukumbu. Hatua inayofuata ni tume ya watumiaji ya wilaya, na sheria ya 2019 inaniruhusu kufungua shauri ninakoishi, Gujarat, badala ya kusafiri Delhi kila wanapoahirisha. Mkononi nina stakabadhi, daftari lenyewe, picha za kurasa zenye makosa na ujumbe wa karani. Mwenye kufungua shauri la hivi dhidi ya kituo cha tuisheni aje aniambie walimtaka vielelezo gani vingine, na kama yale maandishi ya nyuma ya stakabadhi yalimsumbua. Wengine mliolipa ukumbi uleule, tuungane tufungue pamoja. Nitaleta mrejesho.