Kuongoza ibada za faraja msibani: usome nini, useme nini, unyamaze wapi?

Katibu wa Jumuiya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimekabidhiwa kuongoza ibada za jioni nyumbani kwa wafiwa hadi siku ya maziko, jumuiya ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Dar es Salaam. Marehemu ni baba wa familia. Ameacha mjane na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Mchungaji atakuja siku ya kuzika. Ukoo wa mume ni Walutheri, kwao mjane ni Wakatoliki, na wajomba wawili wameokoka, ni Wapentekoste. Naomba mambo ya kutendeka: dakika ngapi, masomo yapi, maneno gani niyakwepe. Malumbano chini ya turubai sitaki.

Mwinjilisti wa Mtaa

Asifiwe, katibu.

Dakika 25, zikizidi sana 30. Mfiwa hajalala, wapishi wanasubiri kugawa chakula, na wageni wengine wanawahi daladala. Wimbo mmoja, beti mbili, tena ule ambao kila mtu anaujua bila kitabu. Sala fupi, somo lisilozidi mistari kumi au kumi na miwili, neno dakika 5 hadi 7, watu wawili wa kuomba uliowateua kabla, Baba Yetu, wimbo, basi. Ukisema "yeyote mwenye mzigo aombe", umeshapoteza saa nzima.

Jioni ya kwanza soma Zaburi 13. Ina mistari 6 tu, na Daudi anauliza "hata lini" mara nne kabla hajasema lolote la kutumaini. Usikimbilie mstari wa mwisho. Wasikie kwanza kwamba Biblia inamruhusu mtu kumlalamikia Mungu. Zaburi 88 ni nzito zaidi, inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa nuru. Iweke kwa ajili ya kusoma na mfiwa peke yake, siku atakayokuambia hawezi kuomba.

Jioni ya pili, Yohana 11:17-36, ila chagua vipande, usisome yote. Martha na Mariamu wanamwambia Yesu neno lile lile: ungalikuwapo, ndugu yangu hangalikufa. Martha anajibiwa kwa maneno. Mariamu anajibiwa kwa machozi. Hapo ndipo neno lako la dakika tano lilipo, usitafute lingine.

1 Wathesalonike 4:13-18 mwachie mchungaji siku ya maziko. Wengi huisoma nusu. Paulo hakuwakataza watu kuhuzunika, aliwakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini.

Sasa maneno. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" (Ayubu 1:21) alilisema mfiwa mwenyewe. Mjane akilisema, itikia amina. Likitoka kwako wewe mgeni linageuka kuwa amri ya kunyamaza. "Mungu amempenda zaidi" liache kabisa: mtoto wa miaka saba akilisikia anaelewa kwamba Mungu akimpenda mtu anamuua. "Jikaze" nalo halina kazi. Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, ni kweli tupu, lakini mtu hulifikia kwa miguu yake, hasukumwi. Na akitokea anayeuliza "marehemu alikosa nini?", mpe Luka 13:4, wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu alikataa hesabu hiyo waziwazi.

Kwa jumla, kuwa mtu wa kukaa zaidi ya kusema. Rafiki za Ayubu walikaa chini siku saba mchana na usiku bila neno (2:13), na hilo ndilo jema walilofanya. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, mpaka Mungu akawakasirikia (42:7).

Mama Mlezi

Mwinjilisti kasema vyema, lakini katanguliza Biblia kabla ya uji. Na hilo la kukaa kimya lina mpaka wake. Kwetu ukiingia ndani ukakaa bila kutoa pole, watu watasema umekuja kuangalia nani kalia. Ingia, shika mkono, sema "pole sana mama, pole na msiba", kaa chini naye kwenye godoro, ndipo unyamaze.

Eliya alipotaka kufa (1 Wafalme 19:4-8), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi akampa tena. Neno la safari lilikuja baadaye.

Kwa hiyo, katibu, teua kina mama wawili kwa zamu, kazi yao isiwe jikoni, iwe kwa mjane tu. Huyu ananyonyesha: kila anaponyonyesha apewe kikombe cha maji au uji, maana mwenye huzuni hasikii kiu. Bibi na babu waulizwe dawa zao za presha na sukari ziko wapi. Vyumba vikigeuzwa kuwa vya wageni, dawa hupotea kabatini na mzee anaanguka siku ya maziko. Kuanzia saa tano usiku spika izimwe. Kwaya wataona wamenyimwa, waeleweshwe tu.

Watoto msiwaambie baba "amesafiri" au "amelala". Aliyeambiwa amesafiri atamngoja barabarani, aliyeambiwa amelala ataogopa kulala. Yesu mwenyewe alisema Lazaro amelala, na wanafunzi, watu wazima, wakamwelewa vibaya. Ikabidi aseme waziwazi, "Lazaro amekufa" (Yohana 11:11-14). Awaambie mtu wanayemzoea, na mama yao akiwepo ni bora.

Mkatekista

Tumsifu Yesu Kristo.

Kuhusu mchanganyiko wa madhehebu: jiwe la kujikwaa ni moja, sala ya kumwombea marehemu. Sisi Wakatoliki tunamwombea, Walutheri na Wapentekoste hawamwombei. Ukiliacha hewani, mtu mmoja ataanza "Raha ya milele umpe ee Bwana", nusu wataitikia na nusu watakohoa.

Ongea mapema na mjane pamoja na kaka mkubwa wa marehemu, si kamati nzima. Katika ibada ya pamoja waombeeni walio hai na mshukuruni Mungu kwa maisha ya marehemu. Hapo hakuna anayepinga. Rozari iwe baada ya chakula kwa wanaobaki, na Misa ya kumwombea marehemu ndugu wa mjane wataipangia nia parokiani kwao. Wajomba nao wapewe nafasi ya kuomba, waandikwe kwenye ratiba, ili asitokee mmoja akahubiri jehanamu dakika arobaini mbele ya jeneza. Ratiba iwe kwenye karatasi, karatasi iwe mkononi mwako, na maikrofoni vilevile.

Katibu wa Jumuiya

Mbarikiwe sana. Mama, nimeteua tayari wale wawili. Swali moja limebaki: baada ya kuzika?

Mama Mlezi

Hapo ndipo tunapoanguka wote. Turubai likishuka, viti vikirudi kwa mwenyewe, mjane anabaki na sufuria za watu.

Usimwambie "ukihitaji chochote useme". Hatasema. Mwambie "Jumamosi saa nne tunakuja watatu, tutafua na kuchota maji", kisha mwende. Andika kwenye daftari la jumuiya nani anakwenda wiki ipi, mpaka miezi mitatu. Tia alama siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi, na Januari shule zinapofunguliwa. Mkiwa naye mtajeni marehemu kwa jina. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nguo alizoshona marehemu Dorkasi huku wakilia (Matendo 9:39), na Petro hakuwaambia wazikunje.

Rambirambi: kamati ikilipa madeni ya msiba, kilichobaki kikabidhiwe mjane mkononi pamoja na daftari, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.

Akianza kusema anatamani kumfuata marehemu, au wiki zinapita hali chakula wala hapati usingizi, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali. Maombi yaendelee njiani na huko huko hospitali. Anayemwambia aache dawa kwa sababu ana imani, mzuieni mlangoni.

Mwinjilisti wa Mtaa

Naongeza la karatasi, maana Yakobo 1:27 inasema kuwatazama wajane na yatima katika dhiki yao, na dhiki kubwa huwa ofisini. Mtu wa jumuiya anayejua kuandika amsindikize: kibali cha mazishi kisipotee, cheti cha kifo kifuatiliwe RITA (ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo wa kupendekeza msimamizi wa mirathi uandikwe vizuri na usainiwe na waliohudhuria, kisha shauri lifunguliwe mahakamani. Mjane awepo kwenye kikao hicho. Asisaini kitu jioni ya maziko. Akiletewa karatasi, jibu liwe "mzee, tutaisoma kesho kukicha".