Nitajuaje video za harusi zimeingia zote Google Drive kabla sijafomati memori kadi?

KameraYaZiwa
Wakuu, heshima kwenu. Napiga video za harusi na sendofu hapa Mwanza. Wikiendi tulirekodi kwa kamera mbili za Sony, kadi mbili, jumla karibu GB 45. Nimelipia GB 100 za Google, na kijana wangu amepandisha zote kwa laptopu usiku, maana bando la usiku ndilo tunaloliweza. Asubuhi kile kidirisha cha kona ya chini kulia kimeweka tiki za kijani. Shida, nikifungua baadhi ya video naambiwa bado zinachakatwa, hazichezi. Jumamosi kuna harusi nyingine na kadi ni hizo hizo. Nifomati? Mama wa bibi harusi anapiga simu kila saa, sitaki kesi.

Kasuku_wa_Tanga
Mkuu, usifomati kwanza. Hiyo ya kuchakatwa isikutishe. Faili limeshafika, ila Google wanatengeneza nakala nyepesi ya kuchezea kwenye kivinjari, na kwa video ndefu huchukua muda. Lakini hata ikicheza bado si ushahidi, kwa sababu unachotazama ni hiyo nakala nyepesi, siyo faili lako la asili. Shusha moja kati ya zile kubwa, ifungue kwenye programu unayohariria, iburute mpaka sekunde za mwisho.

BabuFomati
Tiki ya kijani ipo, unaogopa nini? Fomati tukapige kazi.

Bi_Mkubwa
Babu, wewe harusi ya mwanao utamwachia nani? 😂 Mwanangu KameraYaZiwa, chukua simu, washa data, ingia Drive kwa akaunti ile ile. Kisichoonekana kule hakipo. Laptopu hudanganya, hasa ukiwa umeweka programu ya Drive ya kompyuta: unaliona faili kwenye folda kumbe bado liko kwenye foleni. Na hakikisha kijana hakutumia akaunti yake mwenyewe. Ya bure ni GB 15 tu, tena zinagawanwa na barua pepe na picha, ikijaa upakiaji unakwama.

FundiSeva
Tiki inasema seva imepokea kilichotumwa. Haisemi kama kila kilichokuwa kwenye kadi kilitumwa. Ndiyo maana mimi nalinganisha pande mbili, na huhitaji kushusha GB 45. Drive huweka heshi ya MD5 ya kila faili unalopakia, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo; yakibadilika, nayo hubadilika. Weka rclone (programu ya kunakili na kulinganisha faili na hifadhi za mtandaoni) kwenye laptopu, iunganishe na akaunti yako, chomeka kadi, halafu:

`rclone check E:\PRIVATE\M4ROOT\CLIP drive:Harusi --one-way`

Hapo E: ni kadi, drive ni jina ulilolipa unganisho, Harusi ni folda ya Drive. Itasoma kadi yote (hapo kuna kusubiri, kanywe chai), ikokotoe heshi na kuilinganisha na ya Drive. Bando linaloliwa ni dogo sana. Unachotaka kuona mwishoni ni `0 differences found`, yaani hakuna tofauti. Fanya hivyo kwa kila kadi.

Swali moja: kamera zote mbili zimepakiwa folda moja? Sony huita klipu C0001.MP4, C0002.MP4 na kuendelea. Kamera mbili, majina yale yale.

KameraYaZiwa
Duh. Folda moja, ndiyo. Kadi B imetoka sifuri. Kadi A imeniletea mstari mwekundu wa `sizes differ` (ukubwa haulingani) karibu kila klipu. Nimemuuliza kijana, anasema kuna swali lilitokea kwenye skrini kuhusu faili lililopo, akabonyeza OK.

FundiSeva
Basi B imekaa juu ya A. Kila upakiaji ulikamilika kweli, ndiyo maana kidirisha hakikulalamika. Drive huhifadhi toleo lililotangulia la faili kwa siku 30, kwa hiyo hata kama kadi A ingekuwa imeshafutwa ungebofya kulia kwenye faili, ukaingia sehemu ya kudhibiti matoleo na kulishusha. Lakini kadi unayo, usijitese. Tengeneza folda mbili, KameraA na KameraB, pandisha A upya, kisha rudia check.

Bi_Mkubwa
Na kijana usimfukuze.

KameraYaZiwa
Hafukuzwi, Bi Mkubwa, ila leo analala na laptopu. Kadi A inapanda tena usiku huu, na kesho naongeza nakala kwenye diski ya nje. Kadi ya Jumamosi naenda kununua mpya mjini.

Kasuku_wa_Tanga
Ukinunua, ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi, kabla hujaitia kwenye kamera. Kuna za bandia zimeandikwa GB 128 juu, ndani hazifiki hata robo. Utarekodi vizuri tu, ukija kufungua nyumbani klipu za mwisho ni takataka. Jaribio la kadi kubwa linakula saa nyingi, kwa hiyo nunua Alhamisi, siyo Ijumaa jioni.