Mlio nchi za baridi: siku ya kwanza bustanini Machi inakuwaje? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Leicester
Wakuu salaam. Kuna ile siku ya Machi jua linatoka, upepo umetulia, na mikono yenyewe inatafuta koleo. Nimekodi kiploti cha manispaa hapa Leicester. Ni mapema mno kupanda vitu vingi, na utamu uko hapo: hakuna kinachokukimbiza. Nilipaka mipini mafuta, nikanoa mkasi wa kupogolea, kisha nikageuza mboji. Ndani bado ya moto, inafuka mvuke, minyoo tele. Robin, yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu, akatua karibu kabisa na buti langu. Anajua ukichimba naye anakula.

Nyumbani viazi vya mbegu viko dirishani kwenye trei za mayai. Vimetoa vichipukizi vifupi, vinene, vya zambarau. Vinataka mwanga na ubaridi. Ukiviweka gizani penye joto vinatoa vikonyo virefu vyeupe vinavyokatika ovyo. Nitavifukia karibu na Pasaka. Haya, leteni zenu.

Baba Neema
Huku Minnesota jembe bado haliingii ardhini. Raha yangu ni kugema mimepo, ile miti ya maple yenye utomvu mtamu. Usiku pakiganda na mchana pakiyeyuka, maji yake yanadondoka ndooni, meupe, utamu kwa mbali sana. Ndoo 40 zikichemshwa zinatoa kama ndoo moja ya sharubati. Kwa hiyo siku nzima tuko nje na jirani, mzee aliyenifundisha, tunachochea kuni na kupiga soga.

Mama Kijacho
Mkulima, mchicha nisie lini? Nipo Coventry.

Mkulima wa Leicester
Subiri dada yangu. Mchicha unataka udongo wenye joto. Mimi nangoja mwisho wa Mei, barafu za alfajiri zikishapita. Sasa hivi sia sukuma wiki kwenye trei, ndani.

Bint Unguja
Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, huku bustani ndiyo tunaifunga, joto linakuja. Lakini kuanzia mwisho wa Machi mawaridi yanachanua Jabal Akhdar, milima ya huku Oman, juu kama mita 2,000, na mama hakubali tukose kwenda huko. Wanayachuma alfajiri, harufu haijapotea. Yanatiwa mtungini juu ya moto, juu yake chombo cha maji baridi. Mvuke ukigusa ubaridi unadondokea bakuli la ndani. Hayo maji ya waridi yakitoka yananukia moshi, lazima yatulizwe kwanza. Mama anayatia kwenye mrashi wa bibi, uliotoka Unguja, na wageni wote wa Idi wananyunyiziwa.

Mpangaji
Mimi niko ghorofani Oslo, sina hata kipande cha ardhi. Nimesia giligilani kwenye kopo dirishani, leo zimechomoza. Nimezitazama asubuhi nzima.

Mkulima wa Leicester
Hongera sana mkuu! Zipe dirisha la kusini, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke.