Acheni kuuza uongo wa chupa juu ya kifo cha Virginia Rappe

Wanajamvi, nimeandika uzi huu kwa hasira na sitaificha. Kila nikifungua chaneli za simulizi za uhalifu kwa Kiswahili, kisa cha Roscoe Arbuckle kinasimuliwa vilevile: mchekeshaji mnene wa filamu bubu alimdhulumu mwanamke kwa chupa hadi akafa, kisha fedha zikamtoa. Picha ya mbele ya video ina chupa yenye damu, msimulizi anashusha sauti, na chini watu wanamwaga laana. Ile chupa haikutolewa ushahidi katika kesi hata moja, na kesi zilikuwa tatu.

Tarehe 5 Septemba 1921 Arbuckle, ambaye Paramount ilikuwa imemwahidi karibu dola milioni 1 kwa mwaka, alikuwa na wageni katika hoteli ya St. Francis, San Francisco, na pombe ilinyweka ingawa sheria ya Marekani ilikuwa imeipiga marufuku. Mwigizaji Virginia Rappe alikutwa katika chumba namba 1219 akilia kwa maumivu ya tumbo. Ikachukuliwa kuwa ni ulevi tu, akachomwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na kulazwa palepale hotelini, siku zikapita kabla ya kupelekwa kwenye matibabu ya maana. Tarehe 9 alifariki. Kibofu cha mkojo kilikuwa kimepasuka na maambukizi yameenea tumboni.

Maude Delmont, mwanamke aliyetoa tuhuma nzito kuliko zote dhidi ya Arbuckle, hakuitwa kutoa ushahidi katika kesi hata moja kati ya zile tatu, kwa kuwa maelezo yake yalibadilika kila alipoyarudia. Mwendesha mashtaka Matthew Brady alitaka shtaka la mauaji, lakini hakimu akalishusha hadi kuua bila kukusudia. Jopo la raia la kesi ya kwanza liligawanyika, 10 wakitaka aachiwe. La pili likagawanyika kinyume chake. La tatu, tarehe 12 Aprili 1922, lilimwachia baada ya dakika chache, likaandika na tamko kwamba kumwachia tu hakutoshi, kwa sababu ametendewa dhuluma kubwa. Siku 6 baadaye Will Hays, aliyeajiriwa na wenye studio kusafisha jina la tasnia, akampiga marufuku kwenye filamu. Marufuku ilipoondolewa Desemba, kazi ilikuwa imekwisha. Akawa anaongoza filamu kwa jina la William Goodrich, na akafa mwaka 1933 akiwa na miaka 46.

Magazeti ya William Randolph Hearst yalichuma fedha kwenye msiba ule, na nina uchungu kuona biashara ileile ikiendelea kwa lugha yetu baada ya miaka mia moja, tena na watu wanaoandika "kisa cha kweli" juu ya video zao.

Hata hivyo sisemi haya ili kuwapa nguvu wale wa upande wa pili, ambao kila wakimtetea Arbuckle hawaoni njia nyingine isipokuwa kumchafua marehemu Virginia. Mawakili wa utetezi walileta mashahidi wa kueleza afya yake, unywaji wake na maisha yake ya nyuma, kana kwamba yeye ndiye aliyeshtakiwa, na leo wanaojiita wachambuzi wanayarudia maneno hayo yakiwa yameongezwa chumvi, wakimwita malaya bila aibu. Mtu kuachiwa huru hakumfanyi mwanamke aliyekufa kuwa mkosaji. Virginia alikuwa mgonjwa mahututi kwenye chumba cha hoteli, na waliomzunguka walimdhania amelewa. Hilo halihitaji chupa ili liwe la kutisha.

Kwa hiyo nawataka wenye chaneli hizo wafute zile picha za chupa, waweke masahihisho juu kabisa ya maelezo ya video, si kwenye maoni ambako hayasomwi, na wakirudia kisa hiki waeleze kwa nini mgonjwa alicheleweshwa na nani aliyetuhumu bila kuhojiwa mahakamani.